Inchi Sita za Ziada

Siku pikapu iliporudi kutoka kwa fundi wa springi, Mama Mapazia alikuwa amebana pini sita mdomoni, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya asiseme neno kwa dakika nzima. Alisimama kwenye mlango wa chumba chake cha kushonea, pazia la hoteli limemlalia begani, akalitazama gari la nyumbani kwake likiingia uani kwa madaha. Lilikuwa gari lilelile, na mlango wa abiria ulikuwa na kovu lake lilelile la miaka minne. Ila sasa lilikuwa juu. Kuku wa jirani alipita chini yake bila hata kuinamisha kichwa.

Mumewe, seremala, aliruka kutoka kwenye usukani akatua kwa miguu miwili, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, akachomoa tepu yake ya kupimia mfukoni.

"Inchi sita," alisema kabla hajaulizwa. "Nne za springi, mbili za matairi."

Mama Mapazia alizitema pini moja moja kwenye kopo. Ukimwona mshonaji anatema pini polepole namna ile, tafuta pa kwenda.

"Tulisema mbili."

"Nimeacha ziada."

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wote. Seremala yule alikuwa fundi kweli, hilo hata mkewe hakulikana. Mlango alioupachika yeye ulifungwa kwa ncha ya kidole, na tepu haikutoka mfukoni mwake hata msibani. Lakini tangu ujanani alikuwa na kanuni moja aliyoishika kama sala: acha ziada. Ubao ukizidi unapiga randa, unakaa sawa. Ukipungua umeharibu kazi, na mteja kakukodolea macho. Kwa hiyo alikata kila kitu kirefu. Akialikwa saa nne alifika saa tatu, akakaa nje huku wenye nyumba hawajaoga. Na sasa alikuwa amekwenda kwa fundi mmoja anayeitwa Spana, kwa sababu tumbo la gari lilikuwa likikwaruza kwenye tuta la langoni, shida ya inchi mbili, akarudi na sita.

"Lile tuta," alisema Mama Mapazia, "ningelikwangua kwa jembe asubuhi moja."

"Na mawe ya njia ya kwenda kununua mbao je?"

"Unakwenda huko mara mbili kwa mwaka."

"Hizo mbili ndizo zinazoua gari."

Dirisha la chumba cha pembeni lilifunguliwa, na kichwa kidogo chenye miwani ya kamba kikachungulia. "Limependeza, mwanangu," alisema mama yake seremala. "Sasa ni gari la mwanamume."

"Umemsikia?" seremala alimwambia mkewe.

Mama Mapazia aliwatazama wote wawili, mmoja dirishani na mwingine uani, sura moja, kidevu kimoja. "Nimemsikia," alisema. "Sasa niambie, Mama atalipandaje?"

Seremala alimtazama mama yake, akalitazama gari, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uani akashika kidevu. "Atapanda tu," alisema. "Tutamshika mkono."

Swali halikuwa la utani. Mama mkwe huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mfupi, mwenye shingo ya kiburi, aliyefundisha watoto wa watu kujumlisha na kutoa kwa miaka thelathini na moja. Mwanawe alijua kushika rula kabla hajajua kushika kijiko vizuri. Miezi miwili nyuma mwalimu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akatiwa chuma, akaletwa kukaa kwa mwanawe, kwenye kile chumba kinachotazama ua. Kila Jumanne na Ijumaa alitakiwa kwenda kliniki ya mazoezi, na dada wa mazoezi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliwaeleza bila kuzunguka.

"Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuujenga mguu," aliwaambia. "Mkimleta bila kukosa, atatembea. Mkiuacha ukajilalia, mtamnunulia fremu ya kutembelea, na atazeeka nayo mkononi."

Mama Mapazia aliyaweka maneno hayo moyoni, kwa sababu mchana mumewe alikuwa karakana na yeye ndiye aliyekuwa dereva. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja.

Jumanne ya kwanza walimpandisha mwalimu garini kama godoro. Seremala alisukuma kutoka chini, Mama Mapazia alivuta kutoka ndani, na katikati yao mama wa watu alining'inia mguu mmoja hewani, gauni limepanda mpaka magotini, ng'ambo tu ya kinyozi ambako wanaume watano walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu. Nusu ya hao aliwafundisha yeye. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma zaidi, maana wote waligeuka ghafla wakaanza kutazama viatu vyao.

"Hamjambo?" aliwaita mwalimu baada ya kufika juu na kurekebisha miwani.

"Hatujambo, mwalimu," walijibu kwa pamoja, kama darasani.

Kliniki nako walikuta mkosi mwingine. Kwenye lango la kuegeshea magari palikuwa na bomba la chuma lililokatiza juu ili kuzuia malori, na keria ya pikapu, ile ya kubebea mbao, iligota pale pale. Mlinzi alikuja akilitazama gari kuanzia tairi mpaka keria.

"Hilo haliingii, mama."

"Wiki iliyopita liliingia."

"Wiki iliyopita lilikuwa gari," alisema mlinzi.

Ikabidi waegeshe barabarani. Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Mwalimu alitelezea kwenye mikono ya mkwewe akiwa amefumba macho, na aliposimama chini midomo ilikuwa ikimtetemeka. Njia nzima ya kurudi alisifia mandhari, akisema kwamba kutoka huku juu mtu anaona mpaka ndani ya kuta za watu.

Ijumaa iliyofuata tumbo lilimsumbua. Jumanne alikuwa na mgeni, mgeni ambaye hakufika. Ijumaa nyingine alitazama mbingu, hakuna hata wingu la kupangusia miwani, akasema mvua itanyesha na yeye hataki kuloa. Mama Mapazia alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akazihesabu zile siku: tatu zimekwenda na maji, na mguu unalala.

"Basi niite teksi, Mama," alisema.

"Teksi?" Mwalimu alishusha miwani. "Mwanangu ana gari uani, mimi nipande la kukodi? Watu watasema nini? Kwamba kanunua matairi akamsahau mama yake?"

"Si ndivyo ilivyo?"

"Mkwe wangu, maneno hayo usiniletee."

Na huwezi kumbeba mwalimu wa hesabu kwa nguvu ukamtia kwenye teksi. Mama Mapazia alizirudisha funguo kwenye msumari wake na kwenda karakana. Mumewe alikuwa akisugua ubao kwa msasa, anapiga mluzi.

"Mama yako haendi kliniki," alisema.

"Anasema tumbo."

"Tumbo gani? Anaona haya. Anabebwa kama gunia mbele za watu. Lishushe hilo gari."

Seremala aliacha mluzi. Alipuliza vumbi lililokuwa juu ya ubao, na mkewe, aliyemjua kwa miaka ishirini na saba, alidhani kwa dakika moja tamu kwamba maneno yamemwingia. Kisha akaona macho yake yanawaka.

"Usiseme zaidi," alisema seremala. "Nimeshapata dawa."

Dawa ilichukua siku nne, na ilipotoka karakana watu walisimama barabarani kuitazama. Ilikuwa ngazi, vidato vitatu vya mbao ngumu, kila kidato kimetiwa ulimi na tundu bila msumari hata mmoja, na upande wa kushoto palikuwa na mkono wa kushikia, umelainishwa mpaka kiganja kinateleza chenyewe. Alikuwa ameipaka vanishi mara tatu. Mbili zingetosha, ile ya tatu ilikuwa ziada. Mama Mapazia alitaka kuichukia, akashindwa, maana ilikuwa nzuri kweli, na hilo likamzidishia hasira.

Halafu wakajaribu kuitumia.

Ngazi ikiwekwa, mlango wa gari haufunguki. Unagonga ule mkono wa kushikia. Kwa hiyo sharti mlango ufunguliwe kwanza. Kisha ngazi inasogezwa, mwalimu anapanda, anakaa. Kisha ngazi inavutwa, la sivyo mlango haufungiki. Kisha mtu ainyanyue ngazi hiyo, yenye uzito wa kabati dogo, aitie nyuma kwenye bodi, na bodi sasa imefika kifuani. Mkifika, dereva ashuke, apande nyuma, aishushe ngazi, aizungushe mpaka mbele, afungue mlango, na yote yale yaanze upya kinyumenyume. Na dereva wa shughuli yote hiyo alikuwa Mama Mapazia, mwanamke wa miaka arobaini na tisa mwenye mgongo wa cherehani.

"Inafanya kazi," alisema seremala, amekunja mikono, akitazama.

"Inafanya kazi," alikubali mkewe, jasho linamchuruzika mpaka kwenye nyusi. "Anayefanya kazi ni mimi."

Kinyozi ndiye aliyelipa gari jina. Alilitazama likitoka siku hiyo, mwalimu amekaa huko juu na ngazi iko nyuma, akasema, "Ghorofa hilo linapita." Kuanzia hapo mtaa mzima uliliita Ghorofa. Mama Mapazia akiegesha dukani, wauzaji walimuuliza leo anakaa ghorofa ya ngapi. Mtu mmoja asiyemjua kabisa alimuuliza kama kuna chumba cha kupangisha. Alicheka mara ya kwanza, kwa adabu. Mara ya kumi na tano alikuwa anasaga meno.

Wangekuwa na pikapu ya maonyesho pengine asingejali, lakini ile ilikuwa ndiyo mikono na miguu ya nyumba. Hoteli ilikuwa imeagiza mapazia ya vyumba kumi na viwili, rangi ya maziwa, rangi isiyosamehe hata unyayo wa nzi. Zamani alishusha mlango wa nyuma wa bodi, ukamkaa kiunoni, akayalaza mapazia humo kama anamlaza mtoto. Sasa alilazimika kuyatupa juu ya kichwa chake. Eneo la chini la kuegeshea hotelini halikumpokea, kwa sababu ya dari, kwa hiyo aliyabeba kutoka barabarani mkono kwa mkono, na pazia la chumba namba saba likaburuta kwenye tope. Alirudi nalo nyumbani akalifua mara tatu. Juu ya hayo, usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi lilikuwa likisaga bodi, likitoa sauti ya mtu anayetafuna changarawe. Kwenye kona gari liliinama hata mwalimu akashika dashibodi kwa mikono miwili. Na lilikunywa mafuta. Lilikunywa kama lina arusi.

"Mume wangu," alimwambia jioni moja mezani, kwa sauti ya chini, maana alishaona kwamba ya juu haisaidii. "Nakuomba. Lishushe."

"Nitalishusha vipi," alijibu seremala, na alikuwa anamaanisha, "na ngazi nimeshatengeneza?"

Mama Mapazia aliweka kijiko chini. Kuna ujinga ambao ukiujibu unakuwa umekubali kwamba una njia ya kuingilia. Aliinuka akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Cha ajabu ni kwamba mwalimu alianza kwenda kliniki. Kwa wiki tatu hakukosa hata siku moja. Alipanda vidato vitatu akishikilia mkono wa ngazi, akakaa, akawaamkia wa kwa kinyozi, na hakulalamika. Mama Mapazia alikuwa tayari kukubali, kwa shingo upande, kwamba ngazi ya mumewe imemwokoa mama yake. Alikuwa hata ameshaanza kutafuta maneno ya kusemea, maneno machache iwezekanavyo.

Ijumaa ya wiki ya tatu mwalimu aliamka na mguu umevimba kuanzia gotini kwenda juu. Kliniki, dada wa mazoezi aliugusa, akaukunja kidogo, na mwalimu akavuta pumzi kwa meno.

"Umefanya nini nyumbani, mwalimu?"

"Mazoezi uliyonipa."

"Mangapi?"

"Ya kutosha," alisema mwalimu wa hesabu, aliyekuwa hajawahi kutoa jibu lisilo na namba maishani mwake.

Dada wa mazoezi hakubishana naye. Alimlaza, akamwekea barafu, kisha akamvuta Mama Mapazia kando ya pazia la kijani, pazia ambalo Mama Mapazia aliona lilikatwa fupi.

"Mguu huu haujalala," alisema taratibu. "Umechoshwa. Kuna kitu anakifanya peke yake, na ni kizito. Akiendelea hivi, kile chuma kitacheza na tutarudi kwenye kisu. Na kwa umri wake, akirudi kwenye kisu sina ahadi ya kuwapa."

"Nyumbani anakaa tu," alisema Mama Mapazia. "Anasikiliza redio."

Dada wa mazoezi alifungua faili, akamwonyesha kadi. Kila mgonjwa, alieleza, huulizwa siku ya kwanza anataka mguu wake ufanye nini ukipona, ili ajue anachokifukuzia. Juu ya kadi palikuwa na mstari uliofutwa: kutembea mpaka dukani na kurudi. Chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni, wa duara na ulionyooka, mwalimu alikuwa ameandika jipya. Kupanda gari la mwanangu bila ngazi na bila kushikwa.

"Aliomba kuubadilisha wiki tatu zilizopita," alisema dada wa mazoezi. "Nilidhani ni gari la kawaida."

Walirudi nyumbani. Mama Mapazia alishusha ngazi, akamshusha mama mkwe wake, akamkalisha sebuleni mbele ya redio na mguu kwenye stuli. Kisha akaenda kwenye chumba cha pembeni. Hakujua anatafuta nini. Alitazama kabati, akatazama nyuma ya mlango, na alipoinama kutazama chini ya kitanda akaona mbao.

Vilikuwa vipande vya karakana, vile vilivyokatwa mwishoni mwa kila ubao, ziada ya mumewe, vinavyorundikwa nje kungoja kuwa kuni. Kila kimoja kilikuwa na unene wa inchi moja na kilishapigwa randa. Vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, kingo kwa kingo, katika marundo mawili. Alikitoa cha juu. Pembeni mwake palikuwa na tarehe ya penseli, ya jana. Alikitoa kilichofuata: juzi. Alivitazama vyuma vya dirisha juu ya kitanda akaona mahali rangi ilipolika kwa kushikwa. Hapo akaelewa kila kitu kwa mara moja, akakaa kwenye kitanda cha mwalimu. Kila alasiri, wakati cherehani inakimbia chumba kimoja na randa inaimba karakana, na redio imeachwa wazi makusudi, yule mama alikuwa akivuta mbao zake, anazipanga sakafuni, anashika dirisha, anainua mguu wenye chuma mpaka juu ya mrundo. Akiweza, anaongeza moja.

Alimwita mumewe. Hakumpigia kelele, na labda kwa sababu hiyo alikuja mbio, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Hizi si mbao zangu?" alisema seremala.

"Zipange."

"Zipange vipi?"

"Moja juu ya nyingine. Zote. Kwa tarehe."

Alizipanga. Mikono yake ilizoea kazi hiyo na haikuuliza, lakini alipofika kati, akisoma zile tarehe kwa mwandiko aliosomeshwa nao, alianza kwenda polepole. Alipomaliza alitoa tepu. Mama Mapazia alijua kwamba atapima. Kama nyumba ingewaka moto mtu yule angepima mlango kabla hajatoka.

"Kumi na tisa," alisema.

"Ndipo alipofika jana."

"Jana?" Aliutazama ule mrundo, unazidi goti lake. "Na ule mguu?"

"Na mguu uleule. Ndiyo maana umevimba. Dada wa mazoezi anasema akiongeza kitu hapo, anarudi kwenye kisu. Anataka kupanda gari lako bila ngazi. Kaandika kwenye kadi."

Seremala alizibeba zile mbao kifuani kwa safari mbili, akazitoa uani, kana kwamba zikiwa mbali na kitanda ndipo mazoezi yatakoma. Kisha akaenda kwenye gari. Alifungua mlango wa abiria, ule wenye kovu, akaisimamisha tepu chini, akaivuta mpaka kwenye kizingiti ambapo mguu hukanyaga. Mkewe alisimama nyuma yake na kuisoma namba kupitia juu ya bega lake. Ishirini na tano.

Tepu ilirudi ndani yenyewe kwa mlio. Seremala alikaa kwenye kidato cha chini cha ngazi yake nzuri.

"Kabla ya springi," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayejisemea, "ilikuwa kumi na tisa."

Mama Mapazia alikuwa ameweka akiba ya maneno ya mwezi mzima. Alikuwa na ya tairi linalosaga, ya pazia namba saba, ya mlinzi, ya mgongo wake, na ya kinyozi alikuwa nayo peke yake mafungu matatu. Yote yalikuwa yamepangwa kwa siku kama hii. Aliyatafuta, akakuta hayana kazi. Mumewe alikuwa amefanya hesabu mwenyewe. Kama gari lingeachwa lilivyokuwa, jana mama yake angefungua mlango, akainua mguu, akakaa, akaenda zake.

Waliusikia mkongojo wa mwalimu ukigonga sakafu ya sebule, kisha ya ukumbini, kisha ya chumba cha pembeni. Ukanyamaza. Dirisha likafunguliwa.

"Nani kachukua mbao zangu?" aliuliza mwalimu.

Wote wawili walitazama chini.

"Nawauliza nyinyi wawili."

"Mimi, Mama," alisema seremala.

"Zirudishe. Nimebakiza sita tu."

Seremala alifunika uso kwa kiganja kilichojaa vumbi. Mkewe, ambaye asubuhi ya siku hiyo angeweza kumnyonga kwa uzi wa pazia, alimwekea mkono mgongoni. Kisha seremala alitoa simu akampigia Spana. Spana alikuwa na sauti kubwa, na Mama Mapazia aliyasikia yote.

"Nataka kulishusha," alisema seremala.

"Nilijua utapiga," alisema Spana. "Wengi hurudi. Springi zako ziko chini ya benchi langu, na matairi yako yamefunikwa turubai."

"Na hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Seremala aliliacha hilo lipite.

"Sasa tushushe kiasi gani?" aliuliza Spana. "Wengine huacha mbili, kwa ajili ya matuta."

Seremala aliinua macho. Dirishani, mama yake alikuwa bado amesimama akingoja mbao zake, ameshika vyuma vilevile vilivyolika rangi, na mguu mbaya ameuinua kidogo kutoka sakafuni ili usimuume.

"Zote sita," alisema.

"Tusiache hata moja ya ziada?"

"Usiache ziada."

Mama Mapazia aliingia stoo kutafuta jembe la kukwangulia tuta.